Kusadikika ilitushinda kwenye rundo la karafuu

Mhariri,

Assalamu alaykum. Wiki iliyopita msomaji mmoja wa gazeti lako aliandika kuwa vijana wetu wameacha vitabu kwa sababu ya simu, na dawa yao ni kurejeshwa kwa Shaaban Robert, waanze na Kusadikika. Akaongeza kuwa asiyeipenda Kusadikika, ila ni yake yeye, si ya kitabu. Hilo la mwisho limenikaa rohoni. Nimefundisha Kiswahili katika skuli za Pemba miaka 31, na kitabu hicho nimekisomesha mara nisizoweza kuzihesabu. Nasema wazi: kimesifiwa kupita kiasi chake, na sifa hizo zimevifunika vitabu vinavyokipita, kimoja kikiwa cha Shaaban Robert mwenyewe.

Sikulijua hilo darasani. Darasani mwanafunzi anakariri dhamira na wahusika, anafaulu, basi. Nililijua nyumbani kwetu Mtambwe, miaka ya tisini, msimu mmoja ambao mikarafuu ilizaa hadi matawi yakainama. Kila usiku wanawake wa mtaani walikuja ukumbini kwetu kuchambua. Mtu anakaa na rundo lake, anatenga karafuu na makonyo, anajaza pishi, na kazi inakwenda mpaka saa tano, saa sita. Vidole vina shughuli, masikio hayana. Mama yangu mkubwa, ambaye hakusoma ila chuo cha Kurani, akaniambia, "Mwanangu, una vitabu humo ndani vinaliwa na mchwa. Hebu tusomee." Nikasogea kwenye karabai nikasoma.

Nilianza na Kusadikika, maana nami niliamini kuwa ndiyo kilele. Usiku wa kwanza walisikiliza vizuri. Nchi iliyo angani iliwafurahisha, na kesi ya Karama, anayeshtakiwa kwa kutaka watu wasome sheria, iliwatia hamu. Lakini utetezi wake Karama ni kusimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mmoja: anatumwa, anapata mashaka njiani, anaona wenziwe wanavyoishi, anarudi na mawazo mema, anatiwa kifungoni. Tulipofika kwa mjumbe wa tatu, jirani yetu mmoja akauliza bila ya kuinua macho kwenye rundo lake, "Na huyu naye atafungwa?" Nikamwambia, ndiyo. "Na wa nne?" Ndiyo. Akasema, "Basi tupeleke mwisho, mwalimu, tujue Karama kaachiwa au hakuachiwa."

Yule mama hakuwa mvivu wa kusikiliza. Alikuwa anajua utenzi mzima kwa moyo. Aliona kwa usiku mmoja kile ambacho mimi sikukiona kwa miaka ya kusomesha: ukishaambiwa kuwa waziri anaitwa Majivuno, umeshajua atakalolisema mpaka ukurasa wa mwisho. Jina limemaliza kazi, mtu hakubaki. Najua kitabu kilitoka 1951, Mwingereza yumo madarakani, na fumbo lilikuwa ngao ya mwandishi. Naiheshimu sana ngao hiyo. Lakini ujasiri wa mwandishi ni jambo moja na utamu wa hadithi yake ni jambo jengine, na sisi walimu tumevipima kwa pishi moja.

Usiku wa nne nikachukua Wasifu wa Siti binti Saad, wa 1958, habari za maisha ya yule mwimbaji wa taarabu. Mhariri, laiti ungekuwapo. Humu Shaaban Robert hakuzua mtu. Alimwendea Siti mwishoni mwa umri wa bibi huyo (Siti alifariki 1950), akakaa naye, akamsikiliza. Mtoto wa kijiji cha Fumba aliyeitwa Mtumwa, anayetembeza vyungu kuuza, anakuja mjini hana elimu wala ukoo wa kujivunia, na mwaka 1928 anavuka bahari mpaka Bombay kutia sauti yake kwenye santuri. Mawaidha yamo pia, mengi, kwani Shaaban Robert hawezi kuyaacha, lakini safari hii yameegemea mtu mwenye njaa, mwenye sauti na mwenye mahasidi. Wanawake wale wakanisimamisha kila mara. Chungu kimoja kilikuwa kinauzwaje? Nani alimfundisha kuimba? Mama mkubwa akaweka pishi chini akaimba lile jibu la Siti kwa waliomcheka sura yake na kaniki yake, ukumbi mzima ukaitikia. Tulikisoma mara mbili msimu ule. Mpaka nastaafu sikumpata mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kukisikia kabla sijamtajia.

Kilichofuata kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, na hapo na wanaume wakaanza kusimama mlangoni. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda nacho shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58, kikachapishwa 1960. Wataalamu humpunguzia heshima kwa kuwa mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, na Najum rafiki yake, wametokana na Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza. Ni kweli wametokana. Lakini salamu, utani na kufichana siri kwa watu wa humo ni kwetu, na Kiswahili chake kinatembea chenyewe. Ukumbini kwetu watu waligombana juu ya nani kaua, na asubuhi wakaendelea kugombana mikarafuuni. Kwa miaka mingi nilivificha vitabu hivyo chini ya meza ya walimu kama vitu vya kupitishia wakati. Nimejutia hilo kuliko kosa lolote la kazi yangu.

Mwenendo huu wa sifa kuyatangulia macho nauona sasa kwa Abdulrazak Gurnah. Tangu alipopata Nobel mwaka 2021 kila baraza linamtaja. Ida Hadjivayanis ametufasiria riwaya yake Paradise ikawa Peponi, nimeisoma, nimeipenda sana. Nikawauliza walimu wenzangu saba waliokuwa wakimsifu. Aliyekifungua kitabu ni mmoja.

Kwa hiyo namjibu msomaji wako hivi: Kusadikika ibaki kabatini, wakubwa waisome wajue tulikotoka. Lakini usimkabidhi mtoto wa miaka kumi na mitano kitabu hicho kwanza, kisha akilala ukamlaumu yeye. Mpe Siti. Mpe Bwana Msa. Na kabla ya kumpa, kaa ukisome kwa sauti mbele ya watu wenye kazi mikononi, uone kama kuna atakayekuomba uendelee.

Vitabu vyangu vyote vitatu bado ninavyo, majalada yananuka karafuu. Aliye karibu na Mtambwe akitaka kuazima, aje baada ya alasiri, nipo.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Mtambwe, Wete, Pemba