Mapambo ya Krismasi, mwaka mpya mpaka Idd bila kuumiza mfuko

Ikifika Novemba tu simu zinaanza, mteja anataka nyumba ipendeze kabla ndugu hawajaanza kuingia, na swali la kwanza ni lile lile, itanigharimu shilingi ngapi? Sisi tunaoshona foronya na kufunga taa siku hizi tunauliza kwanza, ndani una nini? Maana nyumba nyingi tunazoingia hapa Dar vitu vipo, shida vilinunuliwa kwa ajili ya siku moja, kitambaa cha meza chenye picha za Baba Krismasi, mapazia mekundu ya kung'aa, Januari vinaingia stoo na vikitoka vimepauka au panya wameshapita. Kiukweli inauma kuona hela ya mtu inaisha hivyo. Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba vitu vikubwa kama mapazia, kapeti na makochi viache rangi ya kawaida, msimu ubadilishe kwa vitu vitatu tu, foronya za mito, taa na mimea.

Foronya ndio rahisi kuliko vyote. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, ukiikata vipande vitatu kwa upana unapata foronya tatu za mito ya 45 kwa 45, zile za kufumbata nyuma zisizo na zipu, maana yake doti moja inakupa sita na seti ya kawaida ya makochi imevaa. Chukua kisutu kwa mfano, kile chekundu, cheusi na cheupe, Krismasi kinakaa vizuri na Idd kinakaa vizuri, hakuna mtu atakayeuliza mbona hujabadilisha. Ila tafadhali kabla ya kumpelekea fundi ifue kwanza peke yake kwa maji baridi uianike, kanga mpya ina wanga, inachuja rangi na inarudi kidogo, ukishona kabla ya kufua mto utakuja kugoma kuingia.

Sasa taa, hapa ndipo watu wanapoteza hela nyingi. Mtu ananunua kamba ya taa Kariakoo, anazungusha kwenye nguzo za baraza, mvua za vuli zinapiga siku mbili taa zimekufa, anasema taa za siku hizi feki. Mara nyingi si feki, ni za ndani. Angalia boksi au kile kibandiko kwenye waya, kuna herufi IP na namba mbili, namba ya pili ndiyo ya maji. IP20 haina kinga ya maji kabisa hiyo ni ya sebuleni, IP44 inavumilia maji ya kurushiwa kila upande, IP65 hata maji ya bomba inahimili. Na hata taa zikiwa IP65 ile adapta yake mara nyingi ni ya ndani, kwa hiyo adapta na eksitensheni vikae sehemu kavu, juu, sio chini kwenye pevingi vimefunikwa na mfuko wa rambo, hiyo ni hatari watoto wanapita hapo miguu peku. Kitu kingine kidogo lakini kinaokoa sana, waya kabla haujafika kwenye soketi uache ulegee ushuke chini kidogo kuliko soketi ndipo upande tena, maji yanayotiririka kwenye waya yatadondokea pale chini badala ya kuingia kwenye umeme.

Umeme usikutishe, taa za LED hazili. Adapta ikiwa ya wati 7 na ukawasha kwa muda wa saa tano kila usiku mwezi mzima unatumia kama uniti moja tu. Zile za zamani za balbu ndogo zinazopata joto, kamba ya balbu 100 inafika wati 40, hiyo ni uniti sita kwa matumizi hayo hayo, na lile joto karibu na pazia sisi hatulipendi. Za sola nazo nzuri kwa fensi, ila vuli mawingu yakitanda mchana zitazima mapema, usizitegemee usiku wa mkesha.

Kwa wenzetu wa Kigamboni, Msasani na Mbezi Beach, msifungie taa kwa binding waya, chumvi ya bahari inaila haraka na ile kutu inachora ukuta michirizi ya kahawia ambayo rangi mpya ndiyo dawa yake. Tumia tai za plastiki au kamba ya nailoni.

Mti je? Tawi la mvinje ni bei rahisi na harufu yake tamu, ila liweke kwenye ndoo yenye kokoto na maji, uwe unaongeza, vinginevyo kabla ya mwaka mpya linakuwa linapukutika sebule nzima. Tunachopenda zaidi ni ule mti wa kwenye chungu unaouzwa kwenye bustani za barabarani, wenye matawi yaliyopangana kama ngazi, Desemba unaingia ndani unavalishwa taa, Januari unarudi barazani kwenye kivuli, na mwaka ujao umerefuka. Bei yake ipo juu kidogo lakini unalipa mara moja.

Nje kama una bogenivilia punguza kumwagilia mapema, ukiipa maji mengi inatoa majani tu, ikikaa kavu ndiyo inalipuka maua. Ndoo za rangi za lita 20 zitoboe chini, zipake rangi moja zote, panga tatu tatu mlangoni. Mawe ya kando ya njia yapige chokaa, hii ya wazee bado haijapitwa, na jioni taa zikiwaka yanaonekana toka getini.

Idd kwa sasa inaangukia mwanzo wa masika, mwaka 2025 Idd el Fitri ilikuwa tarehe 31 Machi na kila mwaka inarudi nyuma siku kama 10 au 11, kwa hiyo mapambo mengi weka barazani chini ya paa. Taa ni zile zile, toa tu vinyota na vikengele, tandika mkeka wa ukindu wa rangi, bakuli la asumini mezani, chetezo cha udi pembeni ya mlango. Mkeka ukiloa uanike siku hiyo hiyo, ukiukunja na unyevu unaota kuvu.

Tunashona foronya na tunafunga taa, kanga unaweza kuja nayo mwenyewe, njoo na mto mmoja tupime kabisa. Na njoo kabla ya katikati ya Desemba, baada ya hapo mafundi wetu wanakuwa na nguo za sikukuu za watoto mpaka usiku na hatutaki kukuahidi kitu halafu kikachelewa.