Droni ikianguka, kumbukumbu zisomwe kabla rubani hajakatwa mshahara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowaumiza vijana wanaorusha droni mashambani huku kwetu Kilombero. Droni ikianguka, hata tope halijafutwa, rubani ameshahukumiwa: alikuwa na simu mkononi, aliigeuza ghafla, hakufundishwa vizuri. Kuna wanaokatwa mshahara miezi mfululizo, kuna wanaofukuzwa siku hiyohiyo. Mimi natengeneza droni za kupima mashamba na za kunyunyizia dawa, na zinafika mezani kwangu droni ambazo rubani wake hakuwa na kosa lolote. Ushahidi umo ndani ya droni yenyewe, kwenye kadi ndogo kama ukucha, na hakuna aliyejisumbua kuifungua.

Nizungumzie droni zinazotumia ArduPilot, programu huria ambayo mafundi wengi tunaitumia. Kila zinaporuka huandika kumbukumbu za safari nzima. Safu inayoitwa RCIN huonyesha vidole vya rubani vilifanya nini kwenye rimoti. Safu ya RCOU huonyesha kompyuta ya droni ilituma amri gani kwa kila mota: kwa kawaida namba huanzia karibu 1,000 mota ikiwa imetulia, na hufika karibu 2,000 ikitakiwa itoe nguvu zake zote. Ukiziweka safu hizo mbili pamoja kwenye grafu moja, unaona alichotaka binadamu na kilichoamriwa na mashine, sekunde kwa sekunde.

Msimu uliopita nililetewa droni ya mota nne iliyoangukia pembeni mwa jaruba. Mwenye mali alishaamua kwamba kijana aliibana kona. Nikafungua kumbukumbu. Vijiti vyote vya rimoti vilikuwa katikati, karibu 1,500, yaani kijana hakuwa akiipeleka popote; droni ilikuwa imesimama hewani. Ghafla amri ya mota namba 4, ile ya nyuma kulia, ikapanda hadi juu kabisa. Wakati huohuo amri ya mota namba 3, ya mbele kushoto, inayotazamana nayo kwa mshazari, ikashuka hadi karibu na chini kabisa. Kwenye safu ya ATT, inayoonyesha mkao uliotakiwa na mkao halisi wa droni, droni ilitakiwa ikae sawa, lakini yenyewe ililalia kulia, ikainua pua, ikapinduka.

Kona ya nyuma kulia ilikuwa inazama. Kompyuta ikaipa mota ile nguvu zote ili iinuke, ikaipunguzia mwenzake wa upande wa pili, na bado kona haikuinuka. Hakuna kidole cha rubani kinachoweza kuandika mchoro wa namna ile huku vijiti vikiwa katikati.

Hapo fundi asikimbilie kutupa mota. RCOU inaonyesha amri iliyotolewa. Haionyeshi kama mota iliitii. Inayoweza kuwa imekufa ni mota, au panga, yaani rafadha inayozungushwa na mota, limechomoka, au kidhibiti mwendo, kile tunachokiita ESC, kimezima, au waya umeachia. Droni ambayo ESC zake hurudisha taarifa za mzunguko hurahisisha kazi sana. Amri ikiwa juu na mzunguko ukaanguka hadi sifuri, tafuta kwenye mota na umeme wake. Amri ikiwa juu, mzunguko uko juu pia, lakini mota inakula umeme kidogo kuliko kawaida, basi inazunguka bure na panga halipo.

Droni hii haikuwa na taarifa hizo, kwa hiyo nikatazama mtetemo, safu ya VIBE. Beringi iliyochoka au panga lililochubuka mara nyingi hujitangaza mapema, mtetemo ukapanda safari baada ya safari. Maelezo ya ArduPilot yanasema kwamba chini ya mita 30 kwa sekunde kwa sekunde kwa kawaida ni salama, na juu ya 60 karibu kila mara kuna tatizo. Hapa mtetemo ulikuwa mdogo na umetulia mpaka kona ilipozama. Nikageukia umeme. Kati ya waya tatu zinazotoka kwenye ESC kwenda kwenye mota, mmoja ulikuwa umelehemiwa juujuu, risasi haikushika, ukiutikisa unacheza. Aliyelehemu ni aliyeiunda droni, na kijana aliikuta hivyo. Alirudishwa kazini, lakini fedha alizokatwa hajapewa hadi leo, na jambo hilo linaniuma.

Sisemi marubani hawakosei. Zipo kumbukumbu zinazoonyesha kijiti kimesukumwa hadi mwisho na droni imetii vizuri hadi ikagonga mti. Hapo nami namwambia rubani ukweli wake. Na kumbukumbu zikikatika ghafla droni ikiwa bado juu, bila mota hata moja kuhangaika, basi umeme wote ulikatika. Hapo muulizeni anayetunza betri.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kumbukumbu hizi zingeweza kuzuia baadhi ya ajali hizo. Droni ikiwa imetulia hewani siku isiyo na upepo, mistari minne ya RCOU inapaswa kwenda karibukaribu. Mmoja ukikaa juu ya wenzake kila siku, kagua mota hiyo na panga lake. Miwili ya upande mmoja ikikaa juu, mzigo umeegemea huko, na kwenye droni za dawa chunguza tangi lilivyofungwa. Mota namba 1 na 2, za mshazari mwingine, zikiwa juu na 3 na 4 zikiwa chini, mara nyingi kuna mkono uliopinda na mota haisimami wima, kwa hiyo droni inapigana na kujizungusha. Yote minne ikipanda pamoja, betri imechoka au mzigo umezidi.

Kwa hiyo nawaomba wenye droni waweke kwenye mkataba kwamba rubani atapewa nakala ya kumbukumbu za safari iliyoishia kwenye ajali, kabla ya hatua yoyote dhidi yake. Naomba pia Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) iangalie kama sharti hilo linaweza kuingia kwenye masharti ya vibali vya droni za biashara. Na anayetaka kununua droni amuulize muuzaji, kabla ya kulipa, kama kumbukumbu zake zinasomeka hapa nchini, maana baadhi ya watengenezaji huzifunga na msomaji anabaki kuwa wao peke yao.

Nanyi marubani, droni ikianguka chomoeni betri na msiiwashe tena kuijaribu. Toeni kadi mbele ya shahidi, nakilini faili lenye mwisho wa .BIN, na mbaki na nakala yenu. Nafasi ikipungua kwenye kadi, ArduPilot hufuta kumbukumbu za zamani ili iandike mpya.

Fundi wa droni,
Ifakara, Morogoro