Robo tatu ya sahani ya nani?

Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu chakula cha wakimbiaji iliusifu ugali, sukuma wiki, maharagwe na chai ya maziwa, kisha ikatoa ushauri: kila mkimbiaji ahakikishe robo tatu ya chakula chake ni wanga. Kwa mvulana anayekula akashiba, sina ugomvi nao. Kwa msichana haujakamilika.

Hesabu za ugali wetu zimetoka wapi? Utafiti wa 2002 kuhusu vijana wa Kikalenjin ulipima wakimbiaji 12, wavulana watupu. Ule wa 2006 kuhusu wakimbiaji mashuhuri wa Kenya ulipima 9, nao wote wanaume. Si Kenya peke yake. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2021 ulipitia makala 5,261 za sayansi ya michezo ukakuta wanawake ni asilimia 34 tu ya watu waliochunguzwa.

Hiyo robo tatu yenyewe ilishajaribiwa. Mwaka 1995 watafiti wa Kanada waliwapandishia wanariadha wanga hadi asilimia 75 kwa siku nne. Akiba ya sukari katika misuli ya wanaume ikaongezeka kwa asilimia 41. Ya wanawake haikuongezeka hata chembe. Wapo waliokimbilia kusema mwili wa mwanamke hauwezi kuweka akiba. Baadaye, wanawake walipoongezewa chakula chote kwa jumla, akiba ikapanda. Asilimia ndiyo iliyokuwa ikidanganya. Msichana wa kilo 48 anayekula kilokalori 2,000 kwa siku, robo tatu yake ni gramu 375 za wanga, yaani chini kidogo ya gramu 8 kwa kila kilo ya mwili. Mvulana wa kilo 60 anayekula 3,000 anapita gramu 9. Asilimia ni ile ile, lakini msichana anaingia mbioni na akiba pungufu. Basi andikeni gramu kwa kilo, na mseme wazi kwamba wasichana wengi inabidi waongeze chakula chenyewe, si kubadilisha mgawanyo wake.

Na hiyo chai. Msichana anayepata hedhi anahitaji madini ya chuma zaidi ya mara mbili ya mwanamume, na yake mengi anayatoa kwenye mboga na maharagwe. Chai ikinywewa pamoja na mlo huo inazuia chuma kufyonzwa. Anywe, ila baada ya saa moja au mbili.

Kinachonisumbua zaidi ni hedhi kukatika. Bado nakutana na makocha wanaoiona kama dalili kwamba msichana ameiva kimazoezi. Mara nyingi maana yake ni kwamba chakula hakitoshi kulipia mazoezi, na mifupa ndiyo hukatwa deni. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu mwaka 2014, ikasema wazi kwamba wanaume nao huupata. Utafiti wa 2016 kuhusu wakimbiaji chipukizi wa kike wa Kenya uliwakuta katika hatari ya upungufu wa nishati na kuvurugika kwa hedhi. Huo umefanyika hapa hapa kwetu, na makala yenu haikuutaja.

Sitaki pia tuangukie upande wa pili. Simuni sasa wamejaa watu wanaouza ratiba za vyakula vya kila wiki ya mzunguko wa hedhi. Ushahidi wake ni mwembamba mno kumpangia mtoto wa shule mlo.

Mwandishi wenu akirudi kambini, naomba akae jikoni wakati wa kupakua. Kambi kadhaa nilizopita, wavulana hupakuliwa kwanza, na wasichana hupewa ugali mdogo kwa sababu eti ni wadogo, ilhali asubuhi wamekimbia kilomita zile zile. Apime sahani zote mbili, kisha atuandikie alichokuta.

Mwalimu wa riadha,
Uasin Gishu