Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: zawadi za Krismasi zisubiri palizi

Mfanyabiashara wa nafaka,
Soko la Majengo,
Dodoma.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUHAMISHIA MISAADA YA SIKUKUU KWENYE MIEZI YA PALIZI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika Novemba hii kabla ratiba yako haijajaa, maana najua mialiko ya kugawa zawadi za Krismasi na Mwaka Mpya imeshaanza kuingia ofisini kwako. Kwangu oda zimeshaanza. Kila mwisho wa mwaka wanapita hapa sokoni watu wa mabenki, kamati za makanisa, vikundi vya akina mama, waliosoma pamoja miaka hiyo, wasaidizi wa waheshimiwa, wote wakiulizia bei ya jumla. Wanachotaka hakibadiliki: mfuko mmoja kwa kila kaya, ndani mchele, unga wa sembe, sukari, mafuta ya kula, mche wa sabuni, chumvi na majani ya chai. Vijana wangu wanafunga mpaka usiku, na juu ya kila mfuko inabandikwa stika yenye jina la mtoaji. Desemba ni mwezi wangu mzuri, Mheshimiwa. Ninachokuja kukuomba kitanipunguzia mauzo ya mchele, kwa hiyo naomba unisikilize hata kwa hilo tu.

Januari mifuko ile huanza kurudi.

Mwaka huu alikuja mama mmoja wa upande wa Mpunguzi, kilo zake za mchele bado zimefungwa na stika iko palepale. Akaniambia, "Baba, nichukulie huu, unipe mahindi." Nikamuuliza mbona sikukuu imepita bila kuupika. Akajibu kwamba sikukuu walikula ugali na kuku wa jirani, watoto wakafurahi, mchele akauficha chini ya kitanda kwa sababu alijua Januari inakuja. Kwa bei za sokoni kilo moja ya mchele inampa kilo mbili na kitu za mahindi, na mahindi akisaga dona, bila kukoboa, hapotezi hata pumba. Alipiga hesabu yake vizuri kuliko kamati nzima iliyoandaa ule mfuko. Nikampimia, nikaongeza kidogo, akajitwisha akaondoka.

Siyo yeye peke yake. Wanakuja na sukari, wanakuja na mafuta ambayo kizibo hakijaguswa. Mwingine anataka mahindi, mwingine anataka hela ya madaftari, kwa sababu shule zinafunguliwa mwezi huohuo. Ada imefutwa tangu 2016, tunashukuru, lakini sare, viatu na mchango wa chakula cha mchana bado viko mgongoni kwa mzazi.

Mheshimiwa, mwaka wa huku kwetu unaujua. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inaishia Aprili, na kwa wastani ni kati ya milimita 500 na 600. Ikikosea hakuna mvua nyingine ya kufidia. Desemba watu wanapanda. Januari na Februari wanapalilia. Machi, Mungu akipenda, yanapatikana mahindi mabichi ya kuchoma. Mtama na uwele vinavunwa Mei na Juni. Ina maana kaya yenye shamba dogo ilivuna mara ya mwisho miezi saba au minane iliyopita, na hapo Januari kihenge kinasikika kikikwanguliwa. Mlenda na majani ya kunde vinaota, mboga ipo. Ugali ndio haupo.

Sasa kaya ya namna hiyo inafanya nini? Inakwenda kibarua. Mama anaamka alfajiri na jembe lake, anakwenda kupalilia shamba la mwenye nacho, jioni analipwa visado vya mahindi au hela ya kununua unga wa siku hiyo. Kesho yake hivyohivyo. Na shamba lake mwenyewe? Linasubiri. Magugu hayasubiri, achilia mbali kiduha, ambacho kikishajishika kwenye mizizi ya mtama kinaunyonya kabla hata hujakiona juu ya ardhi. Akija kupata nafasi ya kushika jembe kwake, mtama umeshadumaa. Mei anavuna magunia mawili mahali pa sita, na ifikapo Novemba jina lake liko tena kwenye orodha ya wahitaji. Wanaomwona kwenye orodha kila mwaka wanasema ni mvivu. Ukweli ni kwamba kuanzia Januari hadi Machi alilima kuliko wao wote, ila alilima kwa watu.

Hapo ndipo lilipo ombi langu. Gunia moja la mahindi na debe la maharage vikimfikia huyo mama wiki ya pili ya Januari, atabaki shambani kwake. Atapalilia mara ya kwanza kwa wakati, na pengine mara ya pili. Mahindi yaleyale yakimfikia Desemba 24 ni furaha, siikatai, lakini palizi itamkuta hana kitu. Fedha ni ileile. Tofauti ni wiki mbili au tatu.

Najua nitaambiwa nataka kuwanyima watoto Krismasi. Hapana. Sikukuu ni sikukuu, mtoto anataka kula wali na nyama siku hiyo na kuvaa nguo mpya kama wenzake, na bibi anataka soda yake. Kilo mbili za mchele, nyama kidogo na soda zinatosha siku hiyo. Wala sizungumzii zawadi zinazokwenda kwenye vituo vya watoto yatima na makazi ya wazee, zile ambazo Ikulu yenyewe ina desturi ya kuzipeleka, mchele, mafuta na mbuzi. Kule watu wanakula jikoni moja mwaka mzima, wana mhudumu na wana stoo. Nazungumzia kaya za vijijini na za pembezoni mwa jiji, zenye jembe na ekari moja au mbili.

Na kuna jambo la Desemba yenyewe ambalo waandaaji hawalioni, labda kwa sababu wengi wao hawalimi. Mwaka uliopita taasisi moja, sitaitaja, iliwaita watu kijijini saa mbili asubuhi kuja kupokea mifuko niliyoifunga mimi. Nilikwenda na gari la mzigo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, ile ya kwanza ya maana. Kila anayeijua Ugogo anajua asubuhi ya namna hiyo ni ya kupanda, udongo ukishika unyevu hupotezi hata saa. Wazee wakakaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, mvulana wa muziki akipima spika, mpaka saa nane mchana ndipo mgeni rasmi akafika. Hotuba, picha, mfuko mmojammoja kwa kuitwa jina. Mzee aliyekaa karibu na gari langu alikuwa na mbegu za uwele kwenye mfuko wa koti. Kila baada ya muda anaingiza mkono, anazichezea, anaangalia juu. Hakuondoka, kwa sababu aliambiwa asiyekuwepo jina likiitwa, mfuko wake anapewa mwingine.

Nikitaja picha, niseme na hili kwa kifupi. Sisi wa Dodoma tumechekwa vya kutosha mijini kwa jina la ombaomba. Wanaocheka hawajui kwamba wazee wetu wanasimulia Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikagoma. Maelfu kwa maelfu walikufa. Watu wenye historia hiyo hawastahili kupigwa picha wamepiga magoti mbele ya kiroba cha sembe, halafu picha ikasambazwa kwenye makundi ya simu na mtoto akaiona darasani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo. Ofisi yako ikikumbusha tu kwamba sheria hizo zinawahusu hata wanaotoa sadaka, wengi wataelewa. Mtoaji akitaka ushahidi kwa bodi yake, apige picha ya magunia.

Ndugu zetu wa Kondoa na Chemba wana kitu cha kutufundisha. Zaka ya fitri ina masharti yake: pishi moja kwa kila kichwa, ya chakula kinacholiwa hapo mahali, na imfikie mwenye haki yake kabla ya swala ya Idd. Mtoaji ndiye anayefuata saa ya mpokeaji. Isitoshe, miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia Februari na Machi, kwa hiyo futari na sadaka zinazogawiwa huko zinakuta watu katikati ya njaa ya palizi. Wateja wangu wa Kondoa wanasema wanaiona tofauti. Lakini hiyo ni bahati ya kalenda. Mwezi unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na baada ya miaka michache Ramadhani itakuwa imefika Desemba. Wanaotoa kwa kalenda ya miezi yetu hii ya kawaida hawahitaji kusubiri bahati.

Kwa nini nakuandikia wewe, nisiwaandikie watoaji wenyewe? Kwa sababu wewe ndiye mgeni rasmi. Wewe, wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri. Hafla ya kugawa misaada bila mgeni rasmi haifanyiki, hilo sote tunalijua. Ukiwajibu kwamba Desemba huna nafasi ya shughuli hizo, ila wiki ya pili ya Januari na wiki ya kwanza ya Februari uko tayari kwenda popote utakapoitwa, hata Mpwapwa ndani kabisa, basi watahama wote kwa mwaka mmoja. Huhitaji waraka wala kikao cha baraza la madiwani. Unahitaji kusema, "Nitakuja Februari."

Pingamizi kubwa nalijua, na ni la kweli. Mtu wa benki aliniambia hapahapa dukani: mzigo ukikaa mpaka Februari utaliwa na panya wa miguu miwili. Bajeti yake nayo inafungwa Desemba. Basi alipe Desemba apate risiti yake, mzigo abaki nao muuzaji kwa maandishi, utolewe siku ikifika. Orodha isitoke kwa mtu mmoja. Mtaa na kijiji vina kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, vina afisa ustawi au maendeleo ya jamii wa kata, na walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanajulikana. Tatizo ni wale walio nje ya TASAF: aliyefiwa na mume mwaka huu, bibi aliyeachiwa wajukuu, familia iliyohamia juzi. Hao jirani ndiye anawajua, wapitishwe kwenye mkutano wa mtaa. Idadi ya magunia yaliyotolewa na yaliyofika ibandikwe mlangoni kwa mtendaji. Majina yasibandikwe.

Na kilichomo kwenye mfuko kibadilike. Mchele na sembe vinapendeza kwenye picha, lakini mahindi na maharage vinakaa ghalani, kila mtu huku anavila, na mashine ya kusaga haiko mbali na kijiji chochote siku hizi. Anayetaka kufanya jambo la Desemba hasa, la haraka, anunue mbegu. Kilo nne hivi za mbegu bora ya mtama, Macia kwa mfano, zinatosha ekari moja, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Hombolo wako hapahapa mkoani kuulizwa mbegu ipi inafaa wapi. Ila ziwafikie watu kabla ya mvua, na zipelekwe nyumbani. Wasiitwe kwenye turubai.

Kwa upande wangu ninaahidi hili, na uninukuu. Mtoaji yeyote atakayelipia mahindi na maharage kwangu mwezi ujao nitamtunzia kwenye mifuko isiyopitisha hewa hadi mwanzoni mwa Februari bila kumtoza hela ya ghala, na afisa utakayemteua akae na nakala ya hesabu na ufunguo wa pili. Nimeshazungumza na wenzangu wawili wa safu yetu hapa sokoni, nao wako tayari kwa masharti hayohayo. Tunasubiri kujua nani atashika huo ufunguo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza nafaka,
Majengo, Dodoma.