Geji ya oksijeni inasema kweli, ya gesi ya kupikia haisemi

Mafundi wa malori wa Tororo na Malaba hutuletea swali moja mara kwa mara: "Mtungi wa oksijeni tuliuchukua jana mchana ukisoma 150. Asubuhi geji iko chini ya 140 na hatujafungua kitu. Nani katupunja?" Swali ni la haki. Oksijeni ni pesa, na aliyelipia mtungi mzima apate mtungi mzima. Tunalijibu kwa kirefu kwa sababu mteja anayeielewa presha hapunjwi na muuzaji yeyote, sisi tukiwemo.

Tuanze na oksijeni yenyewe. Ndani ya ule mtungi mrefu hakuna maji wala dawa, ni gesi tupu iliyobanwa. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha sukuma mpini: kadiri nafasi inavyopungua ndivyo hewa inavyokusukuma zaidi. Ikibanwa kwenye nusu ya nafasi yake, presha inakuwa mara mbili. Kwenye robo, mara nne, mradi joto ni lilelile. Robert Boyle aliipima hali hiyo kwa zebaki ndani ya bomba la kioo lililopinda, akaichapisha Uingereza mwaka 1662. Hesabu yake ndiyo tunayouzia oksijeni hadi leo.

Kwa fundi, hesabu yenyewe ni fupi. Tazama shingo ya mtungi, utaona ujazo wake umegongwa kwenye chuma. Mingi ya ile mirefu ni lita 40. Zidisha kwa namba ya geji: 40 mara bar 150 (bar ni kipimo cha presha) ni lita 6,000 za oksijeni, ukiipima katika presha ya kawaida ya hewa tunayovuta. Sindano ikifika 75, umebaki na lita 3,000. Ikifika 10, ni lita 400, na kama una chesisi ya kukata usianze kazi hiyo na mtungi huo. Geji yako ikiwa ya psi, kipimo kingine cha presha, gawanya kwa 14.5 upate bar. Usiutumie mtungi mpaka sindano ilale kwenye sifuri. Acha bar mbili au tatu na ufunge valvu, hewa chafu na unyevu visipate njia ya kuingia.

Sasa zile bar zilizopotea usiku. Mtungi uliopigwa na jua nyuma ya pikapu unaweza kufika nyuzi 40. Alfajiri umepoa hadi nyuzi 17. Chuma hakikunywea, gesi haikutoka, ila gesi iliyopoa husukuma kwa nguvu ndogo zaidi, na 150 ya mchana inasomeka karibu 139. Jua likiurudisha kwenye nyuzi 40, sindano itarudi 150. Ndiyo maana dukani kwetu mtungi tunausoma ukiwa umetulia kivulini, na tunakuomba nawe ufanye hivyo kabla ya kulalamika au kushukuru. Sindano ikiendelea kushuka na joto halijabadilika, hapo kuna uvujaji: paka povu la sabuni kwenye valvu na viungo vya regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha. Isiwe grisi wala oili, kamwe. Oili ikikutana na oksijeni yenye presha kubwa inaweza kuwaka bila kiberiti.

Kwenye gesi ya kupikia hesabu hiyo yote haifanyi kazi, na wenye mikahawa ndio wanaoumia. Ndani ya mtungi huo kuna majimaji ya propeni na buteni, na gesi ni ile iliyo juu yake tu. Ukipika, gesi inatoka na majimaji yanachemka kidogo kujaza nafasi yake. Tone moja likigeuka gesi linahitaji nafasi ya karibu mara 250. Kwa hiyo presha inabaki palepale, mtungi uwe umejaa au umebaki robo, mpaka majimaji yaishe. Geji inakuonyesha joto la mtungi, haikuonyeshi kiasi. Jiko kubwa likiwaka mfululizo, mtungi mdogo unapoa, unatoka jasho kwa nje, moto unafifia, na mpishi anasema gesi imekwisha. Haijaisha. Upumzishe, au unganisha mtungi mkubwa zaidi. Usiuweke karibu na moto.

Kiasi chake kinajulikana kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye kola ya juu. Tuseme umeandikwa kilo 7.2 na mizani inasoma 10.2: una kilo 3 za gesi.

Asetilini, gesi inayowashwa pamoja na oksijeni kukata na kuchomelea chuma, ina tabia yake. Imeyeyushwa ndani ya majimaji ya asetoni yaliyonyonywa na kitu chenye vitundu vidogo, kwa sababu ikibanwa peke yake inaweza kulipuka. Iweke wima, na mpirani isizidi bar 1. Nayo haifuati hesabu ya lita 40 mara geji, hivyo usitumie njia ya oksijeni kuikadiria.

Mizani yetu iko mlangoni. Mtungi wa gesi ya kupikia unapimwa mbele yako kabla hujalipa, na hata ulionunua kwingine tutakupimia bure. Wa oksijeni tunausoma kwa geji yetu nawe ukiangalia, na tunaandika kwenye risiti bar zake pamoja na saa tuliyousoma.