Oili chafu ya gereji bado ni mali

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie oili chafu. Bei ya petroli ikipanda nchi nzima inapiga kelele, lakini oili inayomwagwa chini ya injini haina msemaji. Hapa Dar es Salaam nyingi huishia mtaroni, kutoka hapo Mto Msimbazi, kisha baharini.

Oili haiishi kwa kutumika, inachafuka tu. Huingiwa na masizi, chembe za chuma, maji na mafuta yanayopenya kwenye ringi za pistoni, na dawa zilizotiwa kiwandani huchoka. Mafuta ya msingi yenyewe, yaani yale yanayotengenezea oili kabla ya kutiwa dawa, hubaki karibu yaleyale, na kiwanda chenye mitambo yake huyarudisha kuwa oili safi. Mamlaka ya mazingira ya Marekani imepiga hesabu: pipa la mafuta ghafi, lita 159, hutoa kama lita 2.4 za oili. Kiasi hichohicho hupatikana kwenye lita 3.8 tu za oili chafu. Nasi tangu kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiache kusafisha mafuta ghafi, petroli na dizeli zote tunaletewa na meli.

Gari dogo hutoa kama lita 4, bodaboda lita moja hivi, lori kubwa zaidi ya 30. Injini iwe ya vuguvugu wakati wa kumwaga, ili oili itoke na uchafu wake. Filta ndiyo husahaulika: hutupwa jalalani ikiwa bado imebeba oili. Itobolewe kichwani ingali na joto, ipinduliwe juu ya pipa, iachwe ichuruzike usiku kucha.

Kosa linaloharibu kila kitu ni kuchanganya. Gereji nyingi zina pipa moja la "vichafu vyote": oili, kulenti (maji ya kupozea injini), mafuta ya breki, tina (ya kuyeyushia rangi), petroli iliyooshea vipuri. Petroli kidogo tu inatosha kuifanya oili hiyo ishike moto kwa cheche ya mchomeleaji wa jirani. Tina na kulenti nazo humfanya mkusanyaji wa oili chafu aikatae, maana kuitenganisha kunagharimu kuliko thamani yake. Pipa la lita 200 liwe la oili peke yake, liandikwe, lifungwe kizibo, likae chini ya bati juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo unaoweza kushika lita 220 likipasuka. Ikimwagika, nyunyiza mchanga au unga wa mbao, kisha uzoe. Sabuni na maji huisogeza tu hadi mtaroni (na fundi huona sakafu imetakata!).

Wapo wanaoipaka nguzo za zizi kuzuia mchwa. Mifugo hulamba nguzo hizo, na ngozi ya binadamu ikiguswa na oili hiyo miaka nenda rudi inakaribisha saratani. Kuichomea tanuri la matofali nako ni kuhamishia sumu hewani. Tanuri la saruji ni jambo jingine, kwa kuwa joto lake hupita nyuzi 1,400 na kuiteketeza sumu hiyo.

Kuna na wajanja wanaoichuja kwa kitambaa na kuijaza kwenye madumu matupu yenye nembo. Masizi ni madogo mno kwa kitambaa chochote, hivyo anayeuziwa anatia uchafu uleule kwenye injini yake. Fundi atoboe kila dumu tupu kabla ya kulitupa.

Halmashauri zinajua gereji zilipo, ushuru zinafuata. Basi ziweke tenki moja la kukusanyia kwenye kila eneo lenye gereji nyingi, liwe chini ya mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi, naye atoe risiti yenye idadi ya lita. Leseni ya gereji ikihuishwa, risiti hizo zilinganishwe na oili mpya iliyonunuliwa. Gereji iliyonunua lita 200 ikaleta risiti za lita 20 iulizwe. Injini hula oili kidogo, lakini hazili lita 180.

Fundi mitambo,
Dar es Salaam