Geti la Mkulima wa Mvinyo Halifunguliwi kwa Honi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika nne na nusu kutoka kwa mteja niliyemtembeza kwenye mashamba ya mvinyo ya Ufaransa, aliyekwisharudi Dar. Dakika ya kwanza ilikuwa salamu, watoto, na mvua za huko. Zilizobaki zote malalamiko: amelipa euro 640 kwa siku moja, amepelekwa sehemu tatu tu, na pale Romanée-Conti, shamba alilolisubiri tangu anapanda ndege, ameishia kupigwa picha ukutani "kama mtu aliyekuja kuomba kazi ya ulinzi". Shemeji yake anayeishi Paris amemwambia kwa pesa hiyo angekodi gari siku tatu akajizungukia mwenyewe.

Sikukasirika. Haya, nilikasirika, lakini nilimjibu jioni baada ya kula. Na kwa kuwa mwaka huu ni mteja wa tano au wa sita kuniuliza habari hiyo hiyo, naiandika hapa mara moja, ili siku nyingine nitume makala badala ya kubishana kwa sauti.

Kwanza, 640 hiyo hakuilipa peke yake. Walikuwa watu wanne. Hilo kwenye ujumbe lilisahaulika.

Sasa tuje kwa shemeji. Sisi tuko mji wa Beaune, katikati ya Bourgogne, eneo la mvinyo ambalo wengi mnalijua kwa jina la Kiingereza, Burgundy. Mimi naendesha gari la wageni, mke wangu ndiye anayepiga simu kutafuta miadi kwa wakulima. Mwaka juzi, katikati ya Agosti, alinipigia kijana mmoja wa Nairobi akiwa na mkewe ndani ya gari la kukodi, wameegesha kijijini Vosne-Romanée. Namba yangu walikuwa nayo tangu Machi. Walikuwa wameuliza bei, wakaiona kubwa, wakaamua kujiongoza kwa ramani ya simu. Ananiambia: "Kaka, hii ni geti ya nne. Tunapiga honi, mbwa anabweka, mama mmoja amechungulia dirishani halafu akafunga pazia. Hawa watu wanauza mvinyo ama hawauzi?"

Wanauza. Ila hawakuuzii wewe, leo, kwa honi. Mkulima wa huku mara nyingi ana hekta chache tu, tena zimetawanyika, mistari kumi hapa, mistari ishirini kijiji cha pili. Mwenyewe yuko kwenye trekta, mkewe anaandika ankara, na hakuna mtu wa mapokezi. Agosti wengi wanafunga kabisa, wapumzike kabla ya mavuno. Jumapili hivyo hivyo. Kuanzia saa sita mchana hadi saa nane wanakula, na mkate wa Mfaransa mezani hauachwi kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Halafu kuna jambo ambalo wateja hawaliamini hadi waambiwe na mkulima mwenyewe: wengi hawana cha kukuuzia. Aprili 2021 baridi kali ilipiga mizabibu ikiwa imeshaanza kuchipua. Watu walikesha mashambani wakiwasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari ili kuokoa machipukizi, na bado walipoteza sehemu kubwa ya mavuno, hasa zabibu nyeupe za Chardonnay. Mwaka kama huo chupa zinakwenda kwa wateja wa siku zote, mpita njia hapati kitu.

Wale vijana wa Nairobi waliishia kwenye maduka ya kuonjesha hapa Beaune, wakaonja mchana kutwa, jioni wakashika usukani. Sheria ya Ufaransa kwa dereva wa kawaida ni chini ya gramu 0.5 za pombe kwa lita moja ya damu, na barabara hizi za mizabibu polisi wanazijua kuliko mimi. Faini euro 135, gari likazuiwa pale pale, ikabidi walipe hoteli usiku wa pili. Siku ya tatu walikuja kwangu. Nilipowajumlishia, kukodi gari, mafuta, faini na hoteli, walikuwa wameshanipita bei kabla sijawafungulia mlango wa gari.

Njia nyingine ya mkato, na hii ndiyo inayonikera zaidi, ni "kuna jamaa yetu ana gari". Hapa Ufaransa kubeba abiria kwa malipo kunahitaji kadi ya udereva wa kazi hiyo, inayopatikana kwa mtihani, bima inayowahusu abiria, na kibandiko kwenye kioo cha gari. Kabla hujalipa, kitafute hicho kibandiko. Jamaa yenu anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini akigongwa, bima yake ya kwenda kazini haitawajua. Niliwahi kuwaokota wamama watatu kituo cha treni cha Dijon, wameachwa na mizigo yao baada ya dereva wao kusimamishwa na kuambiwa aegeshe. Walikuwa wameokoa euro 200. Siku yenyewe ikapotea yote.

Tuje kwenye "sehemu tatu tu". Chukua kalamu. Sehemu moja mkulima anakuonjesha mvinyo sita, pengine minane. Kila glasi inatiwa kidogo, tuseme sentilita nne. Sehemu tatu, mvinyo sita kila moja, ni sentilita 72, karibu chupa nzima ya sentilita 75. Sehemu sita ni chupa mbili kasoro kidogo, kwa kila mtu, kabla ya saa kumi na moja jioni. Anayekuuzia siku ya sehemu sita ama hajui hesabu, ama anakupeleka kwenye kaunta za madukani mnazosimama dakika kumi na tano kila moja.

Utasema: si wanatema? Ndiyo, wataalamu wanatema. Wageni wetu wa nyumbani hawatemi. Nilikuwa na shangazi mmoja wa Arusha, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Tukashuka kwenye kave, ndivyo Wafaransa wanavyoliita ghala la chini ya ardhi, sakafu yake kokoto tupu. Mkulima akachovya bomba la kioo ndani ya pipa, akavuta, akamwachia kidogo kila mtu kwenye glasi. Akaonja wa kwake, akausukasuka mdomoni, akautema kwenye kokoto, puu! Mabaki ya glasi akayarudisha ndani ya pipa. Shangazi akanigeukia: "Anatema mbele ya wageni? Na anarudisha masalio?" Nikamweleza kwamba ndiyo desturi, kokoto zipo kwa kazi hiyo, na mvinyo wa pipani haumwagwi ovyo. Akasema yeye hakulelewa hivyo. Akameza yote, tisa. Sehemu ya pili hakuiona, alilala garini na kitambaa usoni, na hadi leo anasema ile ndiyo safari bora aliyowahi kwenda. Kwa hiyo tatu. Wakiniomba nne nakataa.

Na Romanée-Conti. Hapa nawaombeni mnisome taratibu.

Lile shamba lina hekta 1.8 hivi. Ni dogo kuliko viwanja vingi vya shule za msingi kwetu. Chupa zake ni elfu chache kwa mwaka, kila moja inauzwa kwa maelfu ya euro, na wenyewe hawapokei watalii. Pale ukutani kuna msalaba wa mawe na kibao kinachowaomba wageni, kwa adabu kabisa, wabaki barabarani wasiingie shambani. Hakuna mwongozaji mwenye ufunguo wa siri. Anayekuahidi kukuingiza anakudanganya, au atakuingiza kwa kuruka ukuta.

Lakini mimi sikupeleki pale kwa ajili ya picha. Nakupeleka usimame na utazame chini. Juu kilimani udongo ni mwembamba, mawe matupu. Katikati ya mteremko chokaa na udongo wa mfinyanzi vimechanganyika, maji yanapita bila kutuama, jua la asubuhi linafika mapema. Ukishuka kuelekea nyumba za kijiji, unafika kwenye mizabibu ya aina ile ile, Pinot Noir, pengine inapogolewa na mtu yule yule, na chupa yake haina hata sehemu ndogo ya bei ya ile ya juu. Nenda kilomita mbili hivi hadi Clos de Vougeot, shamba lililozungushiwa ukuta na watawa wa Cîteaux: hekta 50, wamiliki 80 hivi. Jina kwenye lebo ni moja, daraja ni moja, la juu kabisa. Ila mwenye mistari ya juu karibu na jengo la watawa, na mwenye mistari ya chini kando ya barabara kuu ambako mvua ikinyesha matope yanaganda kwenye viatu, hawauzi kitu kimoja. Vipande hivi vya ardhi ndivyo vilivyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2015. Ukishayaona hayo kwa macho, mchana ukionja mvinyo wa vipande viwili vya jirani, unajua unaonja nini. Dakika kumi za ukutani ndizo zinazofanya saa sita zilizobaki ziwe na maana.

Mgeni aliyenielewa haraka kuliko wote alikuwa mkulima wa zabibu kutoka Dodoma. Hakuuliza bei ya chupa hata moja. Aliinama kwenye mzabibu, akashika tawi lililopogolewa, akahesabu macho ya kuchipulia kwa kidole gumba. Mwenyeji wetu wa Santenay, mzee asiyependa maneno, akamsogelea. Mimi kazi yangu ikawa kutafsiri. Mdodoma akamwambia kwao wanavuna mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa mzabibu haupati baridi ya kuulaza. Mzee akanitazama akidhani nimekosea tafsiri. "Mara mbili?" Akarudia kuuliza, kisha akaingia ndani akatoka na chupa isiyo na lebo. Miadi ilikuwa ya saa moja. Tuliondoka baada ya saa tatu, na sehemu ya tatu siku hiyo niliifuta kwa simu nikiomba radhi.

Miadi kama ile mke wangu aliitafuta kwa miezi miwili. Yeye ni mzaliwa wa huku, baba yake alipogoa mizabibu ya watu maisha yake yote, kwa hiyo akipiga simu anajulikana ni mtoto wa nani. Hata hivyo anapiga mara tatu, mara nne, anaandika barua, anakumbusha. Katika ile 640 ya watu wanne, euro 200 zilikwenda moja kwa moja kwa wenyeji wawili wanaotoza 25 kwa kila anayeonja. Wa tatu hatozi, ila anatarajia mtanunua. Toa mafuta, bima ya abiria, kodi na michango ya serikali, ambayo Ufaransa hawaisahau. Kinachobaki ni ujira wa watu wawili, mmoja wa siku moja, mwingine wa wiki kadhaa. Na mimi siku ya kazi sionji hata tone.

Mengine kwa haraka, kwa kuwa yanajirudia. Gare de Lyon ni kituo kilichopo Paris. Mteja mmoja alinunua tiketi ya kwenda mji wa Lyon, tukamsubiri Beaune hadi alasiri. Msijifukize udi asubuhi ya safari: maharusi wa Tanga walinukia vizuri mno hadi mwenyeji akaomba tuonjee uani, na ilikuwa Novemba. Chupa zinakwenda kwenye begi kubwa, si la mkononi, maana ukaguzi wa uwanja wa ndege utazichukua; na chupa kumi na mbili zina uzito wa kilo kumi na sita au zaidi. Champagne na Bourgogne kwa siku moja haiwezekani, kati ya Reims, mji wa Champagne, na Beaune ni zaidi ya kilomita 300. Jumapili ya tatu ya Novemba ni mnada wa mvinyo wa Hospices de Beaune, ile hospitali ya mwaka 1443 yenye paa la vigae vya rangi. Wiki hiyo hoteli hazishikiki, ulizeni mapema. Na kwenye kave kuna baridi hata Julai. Bebeni sweta.

Yule mteja wa Dar nilimweleza haya yote, kwa ufupi kidogo. Akasikiliza, halafu akasema: "Sawa, lakini kwenye ratiba mliandika 'kutembelea Romanée-Conti'. Kutembelea ni kuingia." Nikaifungua ratiba. Kweli tuliandika hivyo. Hapo ana haki, na nilimwomba radhi. Tangu Jumatatu panasomeka "kusimama ukutani Romanée-Conti, dakika kumi". Bei tumeiacha pale pale.